Njia ya Kufika Mtondoo

Hamidu alirudi nyumbani Soga jioni gari likiwa tupu, na kabla hajavua viatu akamwambia mkewe, "Ile ramani yenu leo imetuulia mtoto."

Nuria alikuwa anachambua mchicha barazani. Aliweka sinia chini, akamtazama. Shati la Hamidu lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na mikono yake, ambayo kwa kawaida haitulii, ilikuwa imelala juu ya mapaja kama si yake.

Hamidu alikuwa na gari aina ya Noah, na alikuwa amekubaliana na zahanati ya Mtondoo kubeba kina mama wenye dharura. Mtondoo ni kijiji cha pembeni, pale Kibaha inapokutana na Kisarawe, nyumba zake zimetawanyika katikati ya mikorosho na mashamba ya mihogo. Mama akishikwa na uchungu, hupigiwa simu nesi Margareta, naye humpigia Hamidu, na Hamidu humwahisha mgonjwa zahanati au moja kwa moja hospitali mjini Kibaha. Hamidu mwenyewe ni mtu wa Maneromango. Barabara kubwa za huku alizijua, lakini vijia vya ndani vilikuwa bado vinampiga chenga.

Mchana ule nesi alimpigia kwamba Mwanaasha, mke wa fundi baiskeli, anatoka damu, afuatwe nyumbani upesi. Hamidu akawasha ramani ya kwenye simu. Ikamwongoza vizuri tu, pinda huku, pinda kule, mpaka ikamfikisha kwenye uzio wa reli mpya. Kwenye simu njia iliendelea mbele kama kawaida. Machoni pake palikuwa na waya, tuta, na reli.

"Nilikuwa naliona bati la nyumba, Nuria. Naliona hivi." Alinyoosha mkono kuelekea kwa jirani. "Nikapiga honi, labda atatokea mtu anielekeze pa kuvukia. Hakutokea mtu. Nikageuza, nikatafuta njia. Nilipokuja kufika, majirani walikuwa wameshambeba na kitanda, wamepita porini hadi zahanati. Mama mzima. Mtoto hakuwahi."

 Nuria alimchotea maji ya kuoga, akamwekea chakula, naye akaenda kufungua kompyuta.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuchora ramani za viwanja katika ofisi moja binafsi ya upimaji, mjini Kibaha. Lakini Jumamosi, yeye na wenzake wachache walikuwa wakijitolea kuchora ramani huria, ile ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichangia na yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kuomba ruhusa. Walitembea vijijini na simu, wakaweka barabara, visima, shule, misikiti na makanisa. Aliipenda kazi ile. Alikuwa akiamini kwamba kijiji kikishaingia kwenye ramani, mengine yatafuata yenyewe.

Akaikuza Mtondoo kwenye kioo cha kompyuta. Uzio ulikuwepo. Kalavati la kupita chini ya reli lilikuwepo pia, limechorwa na mtu asiyemjua, tena kwa uangalifu. Mtu huyo aliandika upana wake, urefu wake, akaongeza kwamba masika hujaa maji. Yote yaliandikwa kwa Kiingereza, ndani ya visanduku ambavyo wachoraji peke yao hujua kuvifungua. Simu ya Hamidu ilikuwa na nakala ya zamani, na hata ingekuwa mpya, isingemwonyesha visanduku vile.

"Njoo uone," alimwita mumewe. "Kila kitu kipo."

Hamidu aliinama nyuma yake. Aliangalia mistari ya rangi, vidoti, na herufi ndogondogo. Akaangalia muda mrefu, maana alikuwa mtu wa kujitahidi.

"Kipo wapi?" aliuliza hatimaye. "Mimi dereva, mgonjwa ananisubiri. Hapa nasoma nini?"

Nuria akaifunga kompyuta.

*

Siku ya Jumamosi walikwenda Mtondoo kutoa pole. Nesi Margareta aliwatangulia kwa miguu, akiwapitisha kwenye kijia kilichokatiza mashamba. Mwanaasha alikuwa amekaa mkekani, amejifunga khanga kifuani kwa nguvu, kama wafanyavyo wanawake ambao maziwa yameshuka na hakuna wa kuyanyonya. Mama mkwe wake aliwakaribisha, wakasalimiana, wakakaa.

"Nilisikia honi," Mwanaasha alisema. Hakuwa anamlaumu mtu, alikuwa anasimulia. "Nikamwambia mama, wamefika. Nikaanza hata kutafuta viatu. Halafu ikanyamaza."

Hamidu aliinamisha kichwa. Nuria alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njiani, kuhusu nakala ya zamani na nakala mpya. Yote yalimpotea.

"Nesi ananiambia wewe ndiye unayechora," Mwanaasha alimwambia.

"Mimi na wenzangu."

"Basi chora mtu afike."

Walirudi kwenye gari, wakaenda mpaka lami. Hapo ndipo alipomwambia Hamidu, "Nitaichora." Hamidu aliitikia kwa kichwa. Walikuwa wameoana muda wa kutosha kujua kwamba Nuria akisema jambo kwa sauti ndogo vile, halirudi nyuma.

Alianza na alichokijua. Alichapa ramani kubwa ya kijiji, karatasi ngumu, rangi safi, kila nyumba mahali pake. Aliibandika ukutani zahanati, karibu na meza ya nesi, na watu walisogea kuisifu. Mwenyekiti wa kijiji, Isaya, alipiga nayo picha. Nuria alirudi nyumbani ameridhika.

Kabla mwezi haujaisha Hamidu alipotea tena. Safari hii mgonjwa hakuzidiwa, lakini alichelewa vibaya. Nuria alimpigia Margareta, akamwuliza kama ramani ilimsaidia.

"Nikuambie ukweli, dada?" Margareta alisema.

"Niambie."

"Ni nzuri. Wageni wakija wanaisifu. Lakini mama akipiga simu, namuuliza uko wapi, ananiambia niko Kwa Kidevu, mbele ya mkorosho ulioanguka. Nikiangalia ukutani, Kwa Kidevu hakuna. Kuna Mtondoo Kaskazini B. Dada Nuria, nimefanya kazi hapa tangu zahanati inafunguliwa. Sijawahi kumwona mtu anayetoka Mtondoo Kaskazini B."

Nuria alianza kucheka, akaacha. Majina yale aliyatoa kwenye nyaraka za ofisini mwenyewe, akiamini ndiyo sahihi.

Kesho yake kazini alimweleza Evance, mwenzake wa meza ya pili. Evance hakusita. "Wafundishwe kusoma ramani. Andaa semina ya siku mbili, chai na maandazi."

"Mwanamke akishikwa na uchungu atahudhuria semina gani?"

"Sasa unataka ramani ijifunze kwa watu?"

Evance alisema kwa mzaha, akarudi kwenye kazi yake. Nuria alibaki ameshika kalamu. Ndiyo, alijisemea. Ndicho ninachokitaka hasa.

*

Siku ya kliniki ya watoto, ukumbi wa zahanati ya Mtondoo hujaa kina mama. Nuria aliomba ruhusa kazini, akaenda na turubai la zamani la Hamidu na chaki za rangi. Alilitandaza sakafuni, akachora reli kwa mstari mmoja mrefu, akachora zahanati, akaweka chaki chini.

"Mimi sijui kitu," aliwaambia. "Nionyesheni mlivyokuja leo."

Mwanzoni walitazamana na kucheka. Kisha mmoja akavua ndala, akapiga magoti, mtoto mgongoni, akachora kijia kutoka kwake. Wa pili akamwambia umepindisha, si hapo. Muda si muda turubai lilizungukwa, chaki zikawa zinagombewa. Kwa Kidevu ikatokea. Kisima cha Masista kikatokea. Ikatokea sehemu iitwayo Kamwambie, na hakuna aliyeweza kueleza nani akamwambiwe nini.

Katikati ya kelele zile Nuria aliinua macho akamwona Mwanaasha mlangoni. Alikuja kupimwa presha tu. Alikuwa amesimama akiwatazama wenzake na watoto wao migongoni, na sura yake ilikuwa ya mtu anayefikiria kuondoka. Kina mama walimwona nao, sauti zikapungua.

Mwanaasha akaingia. Alipita katikati yao, akainama, akagusa turubai kwa kidole.

"Hapa mmekosea," alisema. "Masika hapa hapapitiki. Siku ile walionibeba walizungukia huku." Akachukua chaki nyekundu, akaichora ile njia yote, pole pole, kutoka nyumbani kwake mpaka pale walipokuwa wamekaa. Hakuna aliyemkatiza.

Tangu siku hiyo hakukosa siku ya kuchora. Ndiye aliyeona jambo ambalo Nuria alikuwa analizunguka bila kuligusa: kwamba watu wa Mtondoo hawaelezi nyumba, wanaeleza njia panda. Kila mmoja husema ukifika panda fulani shika huku, ukifika panda nyingine shika kule. "Nyumba zinahama," alisema Mwanaasha. "Mtu anajenga, anabomoa, anauza. Panda haihami. Tuzipe alama hizo."

"Tuandike vibao," alisema Margareta.

"Wengine hatusomi. Mama mkwe wangu hasomi, na yeye ndiye aliyepiga simu siku ile. Tuweke picha. Jogoo, chungu, mwavuli. Mtu aseme tu, niko Jogoo."

Nuria alimpelekea kazi hiyo Ambokile, mchoraji wa mabango mwenye kibanda chake Kwa Mathias, mjini Kibaha, nyuma ya maduka ya spea. Ambokile alikuwa amechora nusu ya saluni na mabucha ya barabara ile. Alisikiliza maelezo yote akiwa anachanganya rangi, na aliposikia ni kwa ajili ya wajawazito akaacha kuchanganya.

"Jogoo nitakuchorea mpaka awike," alisema. "Ila mbao ziwe ngumu, na kila picha iwe na rangi yake. Mtu mwenye wasiwasi huona rangi kabla ya picha."

Isaya aliitisha mkutano wa kijiji, watu wakakubali, vijana na wazee wakachimba mashimo. Nuria naye, jioni na Jumamosi, alifanya upande wake. Aliingiza kila panda na kila jina kwenye ramani huria, kwa Kiswahili, kama watu wanavyolitamka, ili liwe mali ya wote na lisipotee naye akihama. Halafu akatengeneza ukurasa mwepesi wa simu unaofunguka hata bando likiisha. Hauna ramani ya kutazama. Una picha za vibao tu. Ukigusa Jogoo, unaulizwa: kiangazi au masika? Ukijibu, unasikia sauti ya Margareta ikikuelekeza.

Hamidu ndiye aliyepewa kuujaribu, na hakuwa na huruma.

"Mita mia nne mbele, pinda kushoto," aliigiza kwa kebehi. "Mimi nina rula kwenye gari? Niambie nimepita nini."

Nuria akafuta. Margareta akarekodi upya: ukipita msikiti wenye bati jipya, punguza mwendo, panda yako inafuata. Hamidu akajaribu tena, akarudi na malalamiko mengine. Msikiti unajificha ukitokea upande wa pili. Sauti inakuja wakati ameshapita. Nuria alifuta tena. Walibishana mpaka chakula kikapoa, wakala kimepoa, wakaendelea.

*

Upande wa kusini wa kijiji, karibu na mpaka wa Kisarawe, kulikuwa na mji wa Bundala, yaani boma lake la nyumba na zizi. Alikuwa Msukuma, amehamia Pwani na ng'ombe wake na familia yake, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata kivulini. Mkwe wake, Mboni, alikuwa mjamzito, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Margareta alisisitiza kwamba kule ndiko kibao kinakohitajika kuliko kote.

Bundala aliwapokea vizuri Nuria na Hamidu. Mkewe, Elina, aliwaletea maziwa. Alipoelezwa walichokuja nacho, Bundala alitazama zizi lake.

"Hapana, mayu," alimwambia Nuria, akimwita mama kwa lugha yao. "Kwangu msiweke."

"Mzee, ni kwa ajili ya Mboni."

"Najua. Kule tulikotoka walikuja watu na vyombo vyao, wapole kama ninyi. Wakaandika nyumba, wakaandika zizi, wakaandika bwawa. Tuliwapa maziwa. Baadaye tukaambiwa tuhame, na karatasi waliyotuonyesha ilikuwa na nyumba zetu zote, moja moja. Mimi siwachukii. Lakini ramani naijua kazi yake."

Nuria alitaka kusema kwamba ramani hii ni tofauti, ni ya watu. Akajizuia. Ni ya watu, ndiyo, na watu ni pamoja na yeyote atakayeamua kuifungua. Hakuwa na namna ya kumwambia Bundala uongo akaweza kuyanywa maziwa ya mkewe.

Njiani kurudi Hamidu alikuwa na hasira. "Mji wake unaonekana kwenye picha za setilaiti. Nimeuona mwenyewe kwenye kompyuta yako. Uchore, uweke jina, basi. Ana simu ya kitochi tu, atajuaje?"

"Mimi nitajua."

"Na Mboni akikwama? Utakwenda tena kukaa mkekani kutoa pole?"

Neno lile lilimchoma, na Hamidu mwenyewe aliona limechoma. Lakini Nuria hakuchora. Alikaa siku kadhaa mbele ya kioo, lile paa la mviringo la mji wa Bundala likiwa katikati, akitafuta njia ya tatu. Akaipata alipoacha kuutazama mji na kuanza kutazama kijia. Kijia cha Bundala kilitoka porini, kikaungana na barabara ya mkaa ambayo kila mtu huipita. Barabara ile haikuwa siri ya mtu.

Alirudi na Mwanaasha.

"Mzee, kwako hatugusi," alisema. "Tunaomba kibao kikae pale kijia chako kinapotokea barabarani. Gari litaishia pale, na ninyi mtamleta Mboni mpaka pale. Kutoka pale mpaka nyumbani mnajua wenyewe. Jina lako halitaandikwa popote." Akavuta pumzi. "Na nikuambie lingine, usije ukalisikia kwa mtu. Picha za juu zipo, na siwezi kukuahidi kwamba hakuna mtu duniani atakayeuona mji wako akauchora. Ninachokuahidi ni kwamba mimi na wenzangu hatutauchora."

Bundala alimtazama kwa makini kwa mara ya kwanza. "Kwa nini unaniambia hilo la pili?"

"Kwa sababu ni kweli."

Elina alikuwa amekaa kando, anasuka kamba. Alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, bila kuinua kichwa. "Baba Masanja, mto ukijaa, ng'ombe unawajulia pa kupita. Mboni utamjulia lini?"

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Akavua ile kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena.

"Msichore ng'ombe," alisema. "Choreni kibuyu."

*

Masika ya mwaka ule yaliingia kwa nguvu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri Jumapili moja, na Nuria alikuwa anakunja nguo zilizogoma kukauka, simu ya Hamidu ilipolia. Alimwona anasimama wima.

"Mboni," alisema. "Elina amempigia nesi. Wanakwenda Kibuyu."

"Nakwenda na wewe," alisema Nuria, na tayari alikuwa ameshika mwavuli.

Hamidu aligusa picha ya kibuyu, akagusa masika. Sauti ya Margareta ikajaza gari, tulivu, kama anapozungumza na mgonjwa: usipite kalavatini, maji yamejaa, zungukia daraja la juu upande wa Soga. Walipopita juu ya daraja, Nuria alitazama chini upande wa kalavati. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamefika karibu na dari yake.

Wakaingia njia ya udongo. Gari liliyumba, likashika, likayumba. Jogoo walimwona kwa mbali, mwekundu kwenye mvua. Mwavuli wakaupita. Kilichofuata kilikuwa Chungu, na Chungu hakikuwepo. Pale kilipochimbiwa palikuwa na shimo limejaa maji, na njia panda ilikuwa mbele yao, mikono miwili ya matope inayofanana.

Hamidu alisimamisha gari. Nuria aliona kidole chake kikielea juu ya honi, na kikarudi kwenye usukani.

"Ni kulia," alisema Nuria, halafu akasita. "Nadhani."

"Usidhani. Rudisha sauti."

Alirudisha. "Ukifika Chungu," alisema Margareta, "utaona mashine ya kusaga iliyofungwa, ukuta wake una ufa. Iache kushoto kwako, shika kulia."

Waliitafuta kupitia kioo kinacholia kwa mvua. Ukuta ule ulikuwepo, nyuma ya migomba, na ufa wake. Nuria alishukuru kimoyomoyo kwa kila chakula kilichopoa. Hamidu akashika kulia.

Kwenye Kibuyu walikuta mkokoteni wa ng'ombe umesimama barabarani, madume mawili yanatoa mvuke. Bundala alikuwa ameshikilia kipande cha nailoni juu ya Mboni kwa mikono miwili, yeye mwenyewe ameachia mvua impige, kofia imelegea masikioni. Elina alimshika Mboni kiunoni.

"Anasukuma?" aliuliza Nuria.

"Anajizuia," alisema Elina. "Twende."

Hawakusimama zahanati zaidi ya kumchukua Margareta, aliyekuwa barabarani tayari na mkoba wake. Mtoto wa kike alizaliwa hospitali mjini Kibaha kabla ya adhana ya alasiri. Alilia papo hapo, na alilia kwa hasira. Elina alikuja kuwaambia ukumbini. Hamidu alisikia, akasema alhamdulillahi, kisha akatoka nje. Nuria alimwona kupitia dirishani, amesimama peke yake kando ya gari lake lenye matope, anafuta kioo ambacho mvua ilikuwa inakifuta tayari.

Mwanaasha alipopelekewa habari hakupiga vigelegele kama wenzake. Aliuliza kitu kimoja. "Chungu kimekwenda wapi?"

Kilipatikana chini ya mteremko, kimechukuliwa na maji. Wiki iliyofuata walikwenda kukisimamisha upya, na walipofika walimkuta Bundala ameshatangulia, sururu mkononi, amezama kwenye shimo mpaka magotini.

"Lenu lilikuwa shimo la kupandia muhogo," alisema. "Nguzo inataka kuzikwa." Aliendelea kuchimba mwenyewe mpaka aliporidhika, na hakumruhusu mtu kumpokea sururu.

Walikuwa bado wanashindilia mawe pale walipotokea wanawake watatu kutoka kijiji cha ng'ambo, upande wa Kisarawe. Walikuwa wameshuka kwenye bodaboda, nguo zimejaa matope. Mkubwa wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, alimsalimia Bundala shikamoo, akauliza nani ndiye mwenye vibao.

"Havina mwenyewe," alijibu Mwanaasha.

"Basi nani anachora? Na sisi tunataka. Mwezi uliopita tumezika."

Nuria alisogea, akafungua mdomo, lakini Mwanaasha alikuwa ameshaanza. Aliwaeleza kwamba hakuna anayewachorea. Wakutane siku ya kliniki, wachore wenyewe, walete na mwenyekiti wao, na asiyetaka kuwekwa asiwekwe. Yeye atakuja kuwaonyesha mwanzo tu. Yule mama mkubwa alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Sawa," alisema. "Lakini panda ya kwetu, ile ya kwanza, tunaiita Kwa Bi Tatu."

"Kwa Bi Tatu ni ile ya pili," alisema mwenzake. "Ya kwanza ni Mnadani."

"Mnada ulihama lini ukaja pale?"

Wa tatu naye akaingilia, na kwa kuwa alikuwa na sauti nyembamba iliyozidi zote, mara wakawa wanazungumza kwa pamoja, wakichora hewani kwa mikono. Hamidu alimtazama mkewe, kama anayeuliza iwapo awaamulie. Nuria alitikisa kichwa. Aliokota jiwe, akalishindilia kwenye nguzo, akawaacha wabishane.